Mchochota Sugu: Uvimbe Usiovimba

Utangulizi

Neno uvimbe limebebeshwa mzigo unaopita uwezo wake. Jipu likitunga usaha, twasema pana uvimbe. Miguu ya mgonjwa wa figo ikijaa maji, huo nao ni uvimbe. Mwanamke akipatikana na vinundu katika mji wa uzazi ataambiwa ana uvimbe, na yule anayesubiri kujua iwapo kinundu cha titi ni saratani ataambiwa vivyo hivyo. Kisha huja kijitabu cha afya kilichotafsiriwa kwa haraka, kikamwonya msomaji kwamba "uvimbe sugu mwilini" huleta kisukari na maradhi ya moyo. Msomaji hutazama mikono yake, akapapasa shingo na tumbo, asione kilichovimba, akakiweka kijitabu kando. Hana kosa. Ameambiwa atafute kitu ambacho hakionekani wala hakishikiki.

Makala hii inanuia kukieleza kitu hicho: ni nini, huanzaje, kwa nini hudumu, na ni hatua zipi za kukipunguza zilizo na ushahidi. Mifano mingi imetolewa Nakuru na eneo la kati la Bonde la Ufa pamoja na majirani zake. Sababu ni mbili. Ya kwanza ni kwamba afya ya wakazi wa Nakuru imechunguzwa kwa upana kuliko ya wakazi wa miji mingi ya Kenya. Ya pili ni kwamba chakula, moshi, vumbi na chai ya eneo hili ni mambo tunayoyajua bila kusimuliwa, na ndimo mada yetu imo. Lugha nayo haiko pembeni. Ibara ya 7 ya Katiba ya Kenya ya 2010 imekifanya Kiswahili kuwa lugha ya taifa na mojawapo ya lugha mbili rasmi. Ibara ya 43 inampa kila mtu haki ya kiwango cha juu kabisa cha afya kinachoweza kufikiwa. Sioni namna ibara hizi mbili zitakavyotimizwa mbalimbali, na wale watakaopewa kazi ya kutafsiri vijitabu vya hospitali ni wanafunzi wa Kiswahili walio madarasani hivi sasa.

Neno lenyewe

Kiswahili tayari kina neno linalofaa zaidi, nalo ni mchochota. Kitenzi chochota hueleza ule uchungu wa kuwasha na kuunguza, mfano wa pilipili iliyogusa mkwaruzo. Katika maandishi ya tiba utapata mchochota wa koo, mchochota wa tumbo, mchochota wa viungo. Ubora wa neno hili ni kwamba linataja tendo linaloendelea, ilhali uvimbe hutaja umbo linaloonekana. Wapo wanaopendelea kutohoa na kuandika inflamesheni. Sina ugomvi mkubwa nao, ila neno hilo halimpi mkulima wa Bahati au mwendesha bodaboda wa Kaptembwo fununu yoyote ya kinachotendeka mwilini mwake.

Sifa ya sugu inastahili kusitiwa kidogo. Asili yake ni ile ngozi ngumu iotayo katika kiganja cha mshika jembe. Sugu haiji kwa pigo moja. Huletwa na msuguano mdogo unaorudiwa kila siku, na mwenyewe hugutuka siku moja kiganja kimekwisha badilika. Waliouita ugonjwa usiokwisha "ugonjwa sugu" waliteua vyema, maana mchochota sugu hufanyika vivyo hivyo. Ni mwitikio wa kinga unaorudiwa kidogo kidogo, mwaka baada ya mwaka, hadi kiungo kinapoteza umbile na kazi yake.

Askari wasiorudi kambini

Dalili za mchochota wa kawaida zimejulikana tangu kale. Celsus, mwandishi wa Kirumi wa karne ya kwanza, alizitaja nne: wekundu, uvimbe, joto na maumivu. Baadaye ikaongezwa ya tano, yaani kiungo kushindwa kufanya kazi. Jambo ambalo Celsus hangeweza kuliona lilionekana mwaka wa 1882 katika mji wa Messina, kisiwani Sicily. Mwanabiolojia Élie Metchnikoff alidunga miiba katika kiluwiluwi cha kiti cha pweza, mnyama wa baharini aliye angavu kiasi cha kuonekana ndani. Baadaye alikuta chembe hai zimeuzingira mwiba. Kutokana na hilo alieleza kwamba mwili una chembe zenye kazi ya kuwaendea wavamizi na kuwala. Kwa kazi yake kuhusu kinga, Metchnikoff alipewa Tuzo ya Nobel mwaka wa 1908 pamoja na Paul Ehrlich.

Tuseme mtu amechomwa na mwiba wa mchongoma akichuma kuni. Chembe zilizo papo hapo hutoa kemikali za kuita msaada. Mishipa midogo ya damu hutanuka, ndipo pakawa pekundu na pa moto. Kuta zake hulegea, majimaji yakavuja, ndipo pakavimba. Neva husisimuliwa, ndipo pakauma. Chembe nyeupe za damu hupenya na kuwashambulia bakteria. Kazi ikiisha, mwili hutoa kemikali nyingine za kuamuru utulivu. Usafishaji hufanyika na kidonda kikafunga. Hatua hii ya mwisho ina uzito kuliko inavyodhaniwa: mchochota hauishi kwa kuchoka, huzimwa kwa amri. Bila mwitikio huu wote mkwaruzo mdogo ungetuua, kwa hiyo anayeahidi kuuondoa mchochota kabisa mwilini anaahidi balaa.

Mchochota huwa sugu amri ya utulivu inapokosa kutolewa, au inapotolewa huku chanzo kikiendelea kuchokoza. Mfano ulio wazi zaidi ni vumbi. Husemwa kwamba jina Nakuru latokana na neno la Kimaasai lenye maana ya mahali pa vumbi. Vumbi la njiani, hata likikera namna gani, kwa sehemu kubwa hunaswa puani na kooni. Hatari kubwa imo katika unga laini wa silika, ambao hutoka mawe yanapokatwa au kusagwa, nao hufika hadi kwenye vifuko vya mwisho vya mapafu. Humo chembe-walaji huumeza kama zinavyomeza bakteria, ila jiwe haliyeyuki. Chembe hufa, unga ukamwagika, chembe nyingine ikaja ikaumeza, ikafa nayo. Kila kifo huita askari wapya na kuacha kovu dogo. Baada ya miaka mapafu huwa yamejaa makovu, na mgonjwa hakosi pumzi kwa sababu ya vumbi lenyewe tu, hukosa pumzi kwa sababu ya vita ambavyo havikuwa na uwezekano wa kushindwa wala kushinda. Hii ndiyo silikosisi, na ndiyo sababu ya kumsihi mkata mawe alowanishe jiwe kabla ya kulikata na avae barakoa ya kuzuia unga laini, kwani kitambaa cha kawaida hakiuzuii.

Mara nyingine askari huwageukia wenyeji. Katika baridi yabisi ya aina ya kinga, mwili hushambulia viungo vyake wenyewe. Kikulacho ki nguoni mwako. Maradhi hayo yana madaktari wake na dawa zake mahususi, nayo si kiini cha makala hii.

Aina inayowagusa watu wengi zaidi ni ile tulivu kabisa. Kwa muda mrefu mafuta ya mwilini yalidhaniwa kuwa ghala tu. Mnamo 1993 watafiti walionyesha, kwa kutumia panya wanene, kwamba mafuta hutoa mojawapo ya kemikali zilezile ambazo kinga hutumia kuita vita, na kwamba kemikali hiyo huuzuia mwili kuitii insulini. Tangu hapo imethibitika kwamba mafuta yaliyozunguka matumbo ndiyo machochezi kuliko yale ya mapajani au nyongani. Hali ni hiyo katika kuta za ateri. Kolesteroli inayojipenyeza humo huvuta chembe-walaji, nazo hushiba mafuta na kubaki humo humo hadi utando unapopasuka na kuziba njia ya damu. Jaribio kubwa lililotangazwa mwaka wa 2017, lililohusisha wagonjwa zaidi ya 10,000 waliokwisha kupata mshtuko wa moyo, lilitumia dawa ya kuzuia kemikali moja ya mchochota bila kupunguza kolesteroli hata kidogo. Mishtuko mipya ya moyo ilipungua. Hapo ndipo ilipothibitika kwamba mchochota hushiriki kusababisha maradhi haya, wala haukuwa shahidi tu. Lakini pia walioitumia dawa hiyo walikufa zaidi kwa maambukizi, kwa kuwa askari waliotulizwa hawakuwa tayari adui wa kweli alipofika. Ni vyema kulikumbuka hilo kila tunapokutana na chupa iliyoandikwa kwamba inaimarisha na kutuliza kinga kwa wakati mmoja.

Je, mtu atajuaje? Ini hutengeneza protini iitwayo CRP, iliyogunduliwa mwaka wa 1930, ambayo huongezeka katika damu mchochota unapokuwapo. Kwa kupima hatari ya moyo, chini ya miligramu 1 kwa lita huhesabiwa kuwa kiwango cha chini, na zaidi ya 3 kuwa cha juu. Hata hivyo, homa, jino bovu au malaria hupandisha kipimo hicho mara nyingi zaidi ya hapo. Katika nchi yenye maambukizi mengi, kipimo kimoja cha CRP kwa mtu asiye na dalili hueleza machache kuliko bei yake. Kiuno, shinikizo la damu na sukari hueleza zaidi, nazo hupimwa kwa gharama ndogo.

Nakuru ilipopimwa

Kati ya 2007 na 2008 Dkt. Wanjiku Mathenge na wenzake walifanya uchunguzi katika eneo la Nakuru, mjini na mashambani, miongoni mwa watu wenye umri wa miaka 50 na zaidi. Lengo kuu lilikuwa macho, lakini walipima pia mambo yanayohusu moyo na mishipa. Watu wapatao 4,400 walichunguzwa. Nusu yao walikuwa na shinikizo la juu la damu, 13% walikuwa wanene kupita kiasi, 6.6% walikuwa na kisukari. Na mtu mmoja kati ya watano alikuwa na kolesteroli nyingi. Shinikizo, kisukari na unene vilikuwa vya kawaida zaidi mjini kuliko mashambani.

Takwimu hizi hazikupima mchochota, wala haifai kusema zilifanya hivyo. Zinachoonyesha ni kwamba hali zile nne zinazoandamana nao zilikwisha kuzoeleka Nakuru kabla ya mji huo kupewa hadhi ya jiji mwezi wa Desemba 2021, na kwamba anayehama kutoka shambani kuja mjini hahami peke yake. Swali lililobaki ni hili: ni kitu gani hasa cha mjini kinachochochea? Kuketi? Hewa? Wasiwasi wa kodi ya nyumba? Au sahani? Jibu bora tulilo nalo limetoka kwa jirani, ng'ambo ya mpaka, chini ya Mlima Kilimanjaro, ambako vyakula vya asili vinafanana na vyetu kiasi kwamba Mnakuru angevitambua vingi kwa sura kama si kwa jina.

Sahani mbili

Watafiti wa Moshi, wakishirikiana na Chuo Kikuu cha Radboud cha Uholanzi, walianza kwa kulinganisha. Katika matokeo yaliyochapishwa mwaka wa 2021 waliwachunguza watu wazima 323 wenye afya, wa mjini na wa vijijini. Kinga za watu wa mjini zilikuwa na mwelekeo mkubwa zaidi wa mchochota, na tofauti hiyo ilihusiana na chakula. Lakini kulinganisha tu hakutoshi, maana mtu wa mjini hutofautiana na wa kijijini kwa mambo mengi. Ndipo wakafanya jaribio, ambalo matokeo yake yalichapishwa mwaka wa 2025.

Wanaume 77 wenye afya walishiriki. Kundi moja la vijijini, lililozoea chakula cha asili, lilipewa kwa wiki mbili chakula cha kizungu cha siku hizi: soseji, mkate mweupe na jemu, chipsi na mfano wa hivyo. Kundi la mjini lilifanyiwa kinyume; likapewa mboga za kienyeji, maharagwe, ndizi za kupika, nafaka zisizokobolewa na vyakula vilivyochachushwa. Kundi la tatu lilikunywa mbege, pombe ya Wachaga ya ndizi na ulezi, kwa wiki moja. Wachache waliachwa na mlo wao wa kila siku ili wawe kipimo cha kulinganishia.

Wiki mbili ni muda mfupi. Ni nusu tu ya mwezi wa mshahara. Hata hivyo damu ilibadilika. Waliohamia soseji na chipsi walipata ongezeko la protini za mchochota, na chembe zao za kinga zilipambana kwa udhaifu zaidi na vijidudu zilipojaribiwa katika maabara. Waliorudi kwenye chakula cha asili, na hata wale wa mbege, viashiria vyao vya mchochota vilishuka. Baadhi ya mabadiliko yalikuwa bado yapo wiki nne baada ya jaribio kumalizika.

Tusilivute jaribio hili kupita urefu wake. Washiriki walikuwa wanaume tu na wachache. Hakuna aliyefuatwa hadi augue au asiugue. Vilevile si hoja ya kuifanya pombe kuwa dawa: mbege ina ulezi, ndizi na viumbe vya uchachushaji pamoja na kileo, na kileo kingi ni mchochezi kikijitegemea. Nguvu ya jaribio imo katika jambo moja. Watu wale wale, katika mkoa ule ule, waliobadilishiwa sahani pekee, walibadilika. Hewa, kazi na nasaba havikubadilika.

Kwa nini sahani iwe na uwezo huo? Sehemu kubwa ya maelezo imo utumbo mpana. Nyuzinyuzi za mboga, maharagwe na nafaka nzima hazimeng'enywi na mtu. Huliwa na bakteria wa utumbo, nao hutoa asidi nyepesi zinazolisha ukuta wa utumbo na kuituliza kinga iliyo nyuma yake. Nyuzinyuzi zikikosekana, bakteria wengine hugeukia ute unaoufunika ukuta huo. Ukuta huwa mwembamba, vipande vya bakteria vikapenya hadi katika damu, na kinga ikaamka.

Tukirejea Nakuru, orodha ya vyakula vya upande wa utulivu haihitaji kuagizwa kutoka nje. Githeri ya mahindi na maharagwe, ambayo ni ndugu ya makande, uji na ugali wa wimbi, mnavu ambao wengi hapa huuita managu, saga, terere, kunde, ndizi, viazi vitamu. Molo ni nchi ya viazi mbatata, na kiazi kilichochemshwa na maganda hakina lawama, ila kikikatwa vipande na kuzamishwa katika mafuta yaliyochemka tangu asubuhi kimebadili kabila. Njoro ni makao ya utafiti wa ngano tangu enzi ya ukoloni, nami siiombei ngano mabaya. Tatizo ni kwamba tunaiondolea pumba, ambayo ndiyo yenye nyuzinyuzi, kisha tunawapa ng'ombe. Ajabu ni jinsi mwanafunzi anavyoona haya kula managu mbele ya wenzake na asione haya kula chipsi na soseji mara mbili kwa siku. Ushairi wetu umejaa sifa za chakula cha kwao. Kantini zetu hazina.

Kuchachusha nako kunahitaji tahadhari ya hapa hapa. Mursik, maziwa ya Wakalenjin yanayogandishwa katika kibuyu kilichopakwa masizi ya mti, yana bakteria wenye manufaa kama maziwa mengine ya mgando. Lakini uchunguzi uliochapishwa mwaka wa 2013 ulikuta asetaldehidi katika sampuli za mursik, nayo ni kemikali inayoweza kusababisha saratani. Chakula cha asili kinastahili heshima, na heshima hiyo haikisamehi kupimwa.

Chai, fizi na moshi

Bonde la Ufa la Kenya limo katika ukanda wa mashariki mwa Afrika wenye saratani nyingi ya umio, yaani njia ya chakula kutoka kooni hadi tumboni. Mwaka wa 2016 shirika la kimataifa la utafiti wa saratani liliviweka vinywaji vinavyonyweka vikiwa na joto la zaidi ya nyuzi 65 za Selsiasi katika kundi la vitu ambavyo huenda vikasababisha saratani. Mkosaji ni joto. Chai na kahawa zenyewe hazikutiwa hatiani. Uchunguzi uliofanyiwa Kilimanjaro na kutangazwa mwaka wa 2015 ulikuta watu wakianza kunywa chai ikiwa na wastani wa zaidi ya nyuzi 70, na chai iliyochemshwa na maziwa ilinywewa ikiwa na joto zaidi. Kisha Eldoret, kaskazini kidogo ya eneo letu, watafiti walilinganisha wagonjwa wa saratani ya umio na watu wasio nayo. Wenye mazoea ya vinywaji vya moto sana walikuwa katika hatari kubwa kuliko wanywao vuguvugu. Ngozi laini ya umio huunguzwa kila asubuhi, huchochota, hujitengeneza, kisha huunguzwa tena jioni. Na kila kujitengeneza ni nafasi ya chembe kukosea. Kikombe kikiachwa mezani kwa dakika chache, joto hupungua bila gharama. Najua ugumu ulipo: huku kwetu mgeni akiletewa chai vuguvugu hudhani amekaribishwa nusu.

Uchunguzi wa Eldoret uligusia pia afya ya kinywa, na hapo pana utata unaofaa kufumbuliwa. Meno mengi ya Nakuru yana rangi ya kahawia. Chanzo chake ni floridi, madini yaliyo tele katika maji ya visima vya eneo lenye asili ya volkano. Shirika la Afya Duniani limeweka mpaka wa miligramu 1.5 kwa lita, na visima vingi vya bondeni huupita. Dayosisi ya Kikatoliki ya Nakuru ilianzisha mradi wa kuchuja floridi kwa mkaa wa mifupa ya wanyama. Rangi hiyo ni kasoro ya jino lilipokuwa likiumbika, wala si mchochota. Mchochota wa kinywani uko katika fizi: ufizi mwekundu unaotoka damu ukipigwa mswaki ni jeraha la wazi, na fizi zote zikiwa hivyo mwili una kidonda kikubwa ambacho mwenyewe hana habari nacho. Wenye kisukari huathirika zaidi, na fizi zilizochochota huifanya sukari iwe ngumu kudhibitiwa. Kwa hiyo anayeficha tabasamu kwa sababu ya rangi na asiende kwa daktari wa meno huenda anaficha lisilo na hatari na kuliacha lenye hatari.

Kuhusu moshi wa jikoni, Laikipia, jirani wa Nakuru, imetoa mojawapo ya chunguzi zinazotajwa sana duniani. Majid Ezzati na Daniel Kammen walifuatilia kaya 55 huko Mpala, na mwaka wa 2001 wakaonyesha kwamba kadiri mtu alivyovuta moshi mwingi ndivyo alivyopata maambukizi mengi ya njia ya hewa. Lakini uhusiano huo haukuwa mstari ulionyooka. Madhara yaliongezeka upesi katika viwango vya chini, kisha yakapunguza kasi baada ya mikrogramu 1,000 hadi 2,000 kwa mita moja ya ujazo. Maana yake ni nzito. Jikoni iliyojaa moshi ikipunguziwa robo tu, faida ni ndogo. Hewa inapaswa kusafishwa sana ndipo mapafu yapumzike. Miongozo ya 2021 ya Shirika la Afya Duniani inaweka mpaka wa mikrogramu 45 kwa siku. Labda ndiyo sababu jaribio kubwa la Malawi, lenye watoto zaidi ya 10,000, halikupunguza nimonia kwa kugawa majiko ya kuni yaliyoboreshwa. Gesi na umeme husafisha kweli, lakini bei yake haimo katika uwezo wa mwanamke wa Kuresoi, na kumhubiria abadili jiko bila kumtajia bei ni kumwongezea lawama juu ya moshi. Sigara ni moshi uleule ulionunuliwa kwa hiari.

Yaliyobaki nitayapitia kwa haraka kwa kuwa hayana ubishi mkubwa. Misuli inayofanya kazi hutoa kemikali za kutuliza, na kutembea kwa haraka kwa nusu saa siku nyingi za wiki kunatosha kuanza. Si lazima mtu awe mkimbiaji wa Iten. Usingizi mfupi hupandisha viashiria vya mchochota. Wanaoishi na virusi vya UKIMWI wana mchochota hata virusi vikiwa vimedhibitiwa, na jaribio lililotangazwa mwaka wa 2006 lilionyesha kwamba kusitisha dawa kwa vipindi kuliongeza vifo, vikiwemo vya maradhi yasiyohusishwa moja kwa moja na UKIMWI. Dawa zimezwe kila siku.

Vidonge na majina yake

Wengi wakisikia kupunguza mchochota hufikiria kidonge. Ibuprofeni na diklofenaki huuzwa katika kila duka la dawa kati ya Naivasha na Mogotio, na mfanyakazi anayeinama shambani kutwa nzima hujinunulia mwenyewe. Dawa hizi hutuliza mchochota wa goti au mgongo kwa siku chache, na kwa hilo zina haki ya kusifiwa. Zikitumiwa kwa miezi huchoma utando wa tumbo hadi kutoka damu, huumiza figo, na diklofenaki huongeza hatari ya mshtuko wa moyo. Kwa mtu mwenye shinikizo la damu, kama nusu ya wale waliopimwa Nakuru, hatari huwa zaidi. Haziugusi mchochota wa mafuta ya tumbo wala wa mapafu yenye moshi.

Steroidi ni kundi jingine, lenye nguvu kubwa zaidi. Zilipoanza kutumiwa kwa baridi yabisi mwaka wa 1948, wagonjwa waliokuwa kitandani walisimama wakatembea. Si wengi wajuao kwamba katika miaka ya 1950 kampuni ya Glaxo ya Uingereza ilitengeneza steroidi kutokana na hekojenini, kitu kilichotolewa katika masalio ya mkonge wa Afrika Mashariki. Anayepita Rongai na Mogotio akatazama mashamba ya mkonge anatazama mmea ambao jamaa zake waliwahi kuwa malighafi ya dawa ya mchochota. Nazo zina bei yake: zikitumiwa kwa muda mrefu bila daktari hulainisha mifupa, hupandisha sukari, na hufungulia mlango kifua kikuu.

Hapa istilahi inarudi kudai haki yake. Dukani dawa hizi zote, pamoja na parasetamoli, huombwa kwa jina moja, "dawa ya maumivu". Parasetamoli hupunguza maumivu na homa ilhali mchochota huuacha karibu kama ulivyo. Ibuprofeni hupunguza vyote viwili. Steroidi huuzima mchochota pamoja na kinga. Mgonjwa aliyekatazwa diklofenaki kwa sababu ya figo zake huenda dukani akaomba dawa ya maumivu, akapewa diklofenaki yenye jina jingine la biashara. Hakudanganya wala hakudanganywa. Lugha haikumpa neno la kukataa. Tungekuwa tumezoea kusema "dawa ya kutuliza maumivu" mbali na "dawa ya kutuliza mchochota", na maneno hayo mawili yakachapishwa kwa Kiswahili katika kila pakiti, angeweza kuisoma pakiti hiyo akiwa bado amesimama mbele ya kaunta, akairudisha, na kuomba ile nyingine.